Siku Thelathini za Majaribio

Ghorofa ya pili, barabara ya kwenda Kiboriloni.
Feni ina mapanga matatu; kinachozunguka hasa ni kelele.
Meneja ameniwekea programu tatu mezani
kama mshenga aliyeleta picha za wachumba:
"Aikande, chagua moja. Leseni ni dola, si maharage."

Nikazipa zote laini ileile:
kilomita mbili na nusu, Kibosho,
kutoka transfoma ya kiwanda cha kahawa,
kuvuka korongo la mto Karanga,
hadi zahanati ambako watoto huzaliwa kwa mwanga wa simu.

Ya kwanza ilikuja imejipamba.
Nguzo zinasimama zenyewe, zina vivuli,
ukisukuma kipanya unapaa kama kipanga.
Lakini korongo ililifukia.
Picha yake ya kutoka angani iliona vilele vya migomba
ikadhani ni uwanda.
Nguzo ya tisa ikaning'inia hewani,
nzuri, ina kivuli,
haina mguu.

Ya pili ilikuwa na maswali, kama karani wa benki.
*Unene wa barafu juu ya waya?*
Nikaandika sifuri. Ikakataa.
*Unene wa barafu juu ya waya?*
Dirishani Kibo imevua wingu,
barafu yenyewe imebaki kiraka begani,
nami katika joto la Februari, blauzi imegandia kiti,
ninadaiwa barafu.
Nikaandika milimita kumi ili tuendelee.
Ikanirudishia nguzo nene kama za daraja,
na bei ya daraja.

Ya tatu ni ya kijivu.
Maandishi yake madogo kama maelezo ya dawa ya mende.
Siku nzima niliitukana kwa Kimachame,
kisha kwa Kiswahili, ili ielewe.
Lakini iliniacha niijazie jedwali langu mwenyewe:
mkaratusi wa mita kumi na moja,
waya tuliyonayo stoo, si ile ya kwenye kitabu,
jua la saa nane, waya inapolegea
kama mkanda baada ya sikukuu.

Jumatano nikaenda na fundi Elisaria kwenye laini ya zamani,
imezimwa, imefungwa ardhini.
Yeye hana kompyuta. Ana kamba.
Aliirusha juu ya waya, akaivuta mara moja;
mtikisiko ukaenda hadi nguzo ya pili, ukarudi,
akaupokea kwa kidole,
wa kwanza, wa pili, wa tatu:
sekunde sita na nukta mbili. Akafumba jicho moja.
"Imelegea mita moja na robo. Na vidole vitatu."

Usiku ile ya kijivu ikasema: moja nukta tatu moja.
Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akapanda ngazi kuuliza kulikoni.

Nguzo ya kumi na nne iliangukia kihamba cha Bibi Ndeanka.
Pale pana masale yaliyopandwa mduara,
na ndani ya mduara, mumewe,
na kichanga ambacho hakikuwahi kupewa jina.
Nikatafuta mahali pa kuandika hilo.
Ya kwanza: jengo, mti, barabara.
Ya pili: jengo, mti, barabara, reli, ziwa.
Ya tatu, chini kabisa, kisanduku kisicho na picha:
*Nyinginezo. Eleza.*

Nikaeleza.
Laini ikajipinda digrii nne,
ikaomba nguzo moja zaidi na waya ya kuishikilia.

Siku ya thelathini meneja alitaka sababu,
mstari mmoja tu, kwa ajili ya mhasibu.
Nikaufikiria mlegeo, jedwali, bei.
Nikaandika: *Ukiiambia, inasogea.*

Mhasibu amerudisha fomu. Anasema hiyo si sababu ya kiufundi.
Sijamjibu. Nimeilalia fomu yake
kikombe cha kauri cha laini ya zamani, kilichopasuka ukingo,
isije ikapeperuka,
ingawa feni hii haijawahi kupeperusha kitu.